Weka Mtoto Kwenye Toroli

Reading, Pennsylvania
16 Septemba 1996

Mdogo wangu Lovina,

Hapa mvua haijakatika tangu juzi, na nguo za mtoto zimetanda jikoni mpaka Curtis anapita ameinama. Haya, nimeanza na hali ya hewa kama Mama alivyotufundisha kuandika barua. Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Nataka kuleta watoto kwenye shamba la maboga.

Usiitupe barua. Nisikilize kwanza. June ana miaka minne sasa, na mwalimu wake wa chekechea amewaambia kila mtoto aende shambani na wazazi wake akachague boga, kwa sababu Oktoba bila boga mlangoni Waingereza hawaihesabu kuwa Oktoba. (Namcheka nani? Mimi mwenyewe ni Mwingereza siku hizi, si ndivyo mnavyomwita kila asiye wa kanisa letu?) Basi jirani yangu akaniambia lipo shamba zuri upande wa Lancaster, la Waamishi, wale watu wa kanisa wasioendesha magari, lina mkokoteni wa farasi wa kuzungusha watoto, na kuna binti mcheshi kwenye banda la kuuzia. Binti mcheshi! Nikatamani kumwambia kwamba binti huyo nilimfundisha mimi kufunga kamba za viatu, na alikuwa mzito kuelewa.

Lovina, ni miaka sita tangu kanisa linitenge kwa kuolewa na dereva wa lori la maziwa. Nilishabatizwa, niliapa, nikaondoka. Kosa langu nalijua na sijaja kulijadili. Lakini Mama hajawahi kumwona June. Nathan ana miezi tisa na Mama hajui hata ana nywele za rangi gani. Sitaki chakula chenu wala kitanda, na mahubiri ndiyo kabisa. Nataka kuja kama mteja yeyote, nishuke kwenye gari, nichague boga, na Mama amshike mwanangu. Basi, hilo tu.

Niambie siku. Nimeituma hii kwa Bi. Trimble, jirani yenu, ili Baba asiikute kwenye sanduku la barua.

Dada yako,
Saloma


Barabara ya Kinu, karibu na Lancaster
21 Septemba 1996

Dada Saloma,

Bi. Trimble alikuja na barua yako ameificha chini ya mayai, akanikonyeza mbele ya wateja utadhani tumeiba benki. Huyu mama anafurahia mambo yetu kuliko sinema zake.

Kwetu kumekauka. Maboga yameiva yote kwa pamoja na mgongo wangu haufai. Kamba za viatu nilizielewa mapema sana, ni wewe uliyekuwa unazifungua usiku ili unicheke.

Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Inawezekana, lakini kwa masharti, na usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Njoo Jumamosi tarehe 12 Oktoba. Baba atakuwa mnadani, anataka kununua farasi wa kukokota, na kwenye farasi huwa harudi mapema. Usije na suruali. Tafadhali. Mama atakuona kwa mbali, na sitaki kitu cha kwanza atakachokiona kiwe suruali.

Kulipia boga, alipe Curtis, au June. Mimi siwezi kupokea kitu mkononi mwako, unajua. Watoto hawajatengwa, wala Curtis, maana hakuwahi kuwa wetu. Ni wewe tu. Unisamehe, ndivyo ilivyo.

Sasa Nathan. Hapa ndipo nilipokesha. Mama hawezi kumpokea kutoka mikononi mwako. Ushirika Mtakatifu ni tarehe 20, siku chache baada ya wewe kuja, na akivunja kanuni wiki hiyo hatashiriki mpaka asimame mbele ya kanisa zima. Lakini nina njia. Waingereza wote wanaokuja hapa huweka watoto wao kwenye toroli, katikati ya maboga, wanawapiga picha. Na wewe mweke Nathan kwenye toroli. Rudi nyuma hatua kadhaa. Mama atapita, atamwokota mtoto kama anavyookota watoto wa wateja wengine. Hajapokea kwa mtu, ameokota kwenye toroli. Hakuna atakayesema kitu.

Ni siku hiyo tu. Baada ya ushirika haitawezekana kabisa, na usiniulize kwa nini.

Mdogo wako,
Lovina


Reading
26 Septemba 1996

Lovina,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti, Curtis akasikia. Akauliza, "Kwa hiyo tumshushe kama gunia?"

Mwanangu hawekwi chini ili bibi yake amwokote. Nimembeba tumboni, nimemzaa kwa kisu, bado kovu linauma mvua ikinyesha. Nikimpa mtu mtoto wangu nampa mkononi na anampokea mkononi. Ukitaka boga liwekwe kwenye toroli, liwekwe. Boga halijui kama limekataliwa.

Na hiyo "baada ya ushirika haitawezekana, usiniulize." Naelewa, usijisumbue. Wageni watakuja mwezi wa Novemba, ndugu wa Baba wa kutoka Ohio, na hamtaki gari la Saloma lionekane kwenye nyasi zenu. Sema tu mnaona aibu. Ningekuheshimu zaidi.

Umenielezea kanuni kana kwamba nimezaliwa Reading. Nilikaa kwenye benchi lile la wanawake nikiwa msichana, nikasikia watu wakitengwa, na nilitikisa kichwa kukubali kama wengine wote. Mwaka ule Barbara wa kwa fundi hatamu alipotengwa, alimletea Mama mkate akauweka kwenye ngazi. Mama alingoja mpaka ameondoka, akautwaa. Tuliula na siagi, na sikuona ajabu yoyote.

Leo naona ajabu.

Saloma


Barabara ya Kinu
1 Oktoba 1996

Dada Saloma,

Mvua ndogo, halafu jua. Baridi ya alfajiri imeanza kuacha weupe kwenye majani ya maboga.

Sikuona aibu. Niliandika kwa haraka na nikaandika vibaya. Wewe ukikasirika unajua kuuma, hata Baba alikuwa akisema hivyo, na alikuwa akisema huku anatabasamu. Ninayo sababu yangu ya kusema Novemba haiwezekani na si wewe. Siwezi kuisema sasa. Niamini kidogo.

Nilimwambia Mama. Nilikuwa sijapanga kumwambia mapema, nilitaka ashtukie siku yenyewe, halafu nikaona itakuwa ukatili. Alikuwa anamenya matofaa ya pai. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza kueleza akauliza, "Ana uzito gani?"

Nikasema sijui, Mama, hakuandika.

Akasema, "Si neno. Nitajua."

Kisha akamenya tofaa lile lile mpaka likaisha mkononi. Jioni nikamkuta nyuma ya banda anasugua toroli kwa brashi na maji ya moto. Lile toroli la samadi, Saloma! Nikamwambia liko jingine safi. Akasema hilo lina magurudumu mazuri, halitapinduka. Ametandika ndani blanketi lako, lile la vipande vya buluu ulilolishona ukiwa na miaka kumi na miwili. Anakuja kulitazama, analikunjua, analikunja tena.

Naomba uje. Jumapili hii kanisa letu linakaa kikao cha kuelewana kabla ya ushirika, na kila mtu ataulizwa kama ana amani na Mungu na wenzake. Mama atasema anayo. Akisema hivyo halafu Jumamosi akapokea kitu mkononi mwako, ni kama amelidanganya kanisa. Ndiyo maana nashikilia toroli. Simtetei askofu. Namtetea Mama, ana miaka sitini na mbili na kanisa hilo ndilo lenye kila mtu anayemjua.

Lovina


Reading
7 Oktoba 1996

Lovina,

Tutakuja. Jumamosi saa nne asubuhi, gari la kijani. Sketi ndefu, kitambaa kichwani, usihofu. Nitamweka kwenye toroli.

Nimekubali kwa ajili ya hilo swali la uzito. Mwambie ni ratili ishirini na moja. Au usimwambie, mwache ajue mwenyewe.

June anauliza kama farasi wanauma. Nimemwambia wanauma watoto wanaouliza sana.

Saloma


Reading
14 Oktoba 1996

Mdogo wangu mpenzi,

Nimelala usingizi ambao sijaulala tangu nizae. Boga la June liko mlangoni, kubwa kuliko yeye, maana alikataa yote mazuri akachukua lile lililolala upande mmoja bapa. Anasema lilikuwa linamngoja. Curtis bado anacheka jinsi ulivyopokea pesa kwa June kwa heshima zote, "Asante sana, bibie," na yeye akakuinamia kama malkia.

Nilipanga kufuata kila neno lako. Mungu shahidi. Ulinionyesha toroli, nikaliona blanketi langu, nikaenda. Nilimshusha Nathan. Ulimwona. Alikunja miguu juu kama paka anayepelekwa majini, akanishika shingo, akapiga kelele mpaka farasi wakageuza vichwa. Nikajaribu tena. Nikamwambia, "Mwanangu, kaa, tafadhali kaa," na mimi mwenyewe nalia. Yule mama wa Kiingereza mwenye kamera akaniuliza kama ninahitaji msaada.

Ndipo Mama akatoka kwenye mlango wa banda. Kazeeka, Lovina. Hukuniambia kazeeka. Alikuja moja kwa moja kupita mistari ya maboga, hakuzunguka, akikanyaga majani, akasimama mbele yangu karibu kabisa. Akanyoosha mikono. Akasema, "Lete."

Nikampa. Mkononi. Nathan akanyamaza, akamvuta ukanda wa kofia, akautia mdomoni.

Hakukuwa na mtu wa kanisa pale ila wewe na Mama, na wale wateja hawajui lolote. Kwa hiyo tumeiba kitu na hakuna aliyeona. Sijisikii mwizi hata kidogo.

Sasa nikuulize, kwa sababu nina macho. Nyuma ya maboga, ukutani mwa ghala, mmepanda mboga ya selari, mistari na mistari. Familia haili selari yote ile. Selari nyingi hivyo hupandwa na nyumba yenye arusi tu. Lovina! Ni nani? Ni yule Mose wa kwa mtengeneza magurudumu, mwenye masikio? Ndiyo maana ya Novemba! Na mimi nikakutukana. Nisamehe, mdogo wangu. Ningekuwa karibu ningekufinya mpaka useme.

Dada yako mwenye furaha,
Saloma


Barabara ya Kinu
22 Oktoba 1996

Saloma,

Ndiyo, ni Mose, na masikio yake ni ya kawaida. Ilitakiwa itangazwe kanisani Jumapili hii inayokuja, na kabla ya hapo mtu hasemi hata kwa dada yake. Arusi ni Alhamisi tarehe 21 Novemba. Sasa unajua. Nilitaka nikuandikie nikiwa nacheka.

Mama ametengwa.

Niandike polepole. Jumatatu ile, siku uliyokuwa unaniandikia jinsi ulivyolala vizuri, Mama aliniomba nimfungie farasi tumpelekee mke wa shemasi maboga mawili ya pai. Nikaendesha mimi. Nikabaki nje na farasi, nikiimba kimoyomoyo kama mjinga. Alikaa ndani muda mrefu. Akatoka na maboga yake yote mawili mkononi, hakuwa ameyatoa. Akapanda, tukarudi nyumbani.

Jumapili, kabla ya ushirika, wasiobatizwa wakaombwa watoke nje. Askofu Enos akasimama, akasema dada yetu Drusilla amekuja mwenyewe kusema kwamba amepokea kitu kutoka mkono wa aliyetengwa. Hakusema ni nini. Mama akasema kutoka alipoketi, "Ni mtoto."

Kila benchi likageuka kumtazama.

Askofu si mtu mbaya, unamjua. Alimpa njia pana kabisa. Akasema mtoto alikuwa analia, moyo wa bibi ni dhaifu, sote tunaelewa, basi dada aseme tu kwamba anajuta na tuendelee na ushirika wetu kwa amani. Kila mtu alikuwa anamwombea aseme. Mke wa shemasi alikuwa anatikisa kichwa kumhimiza. Baba, upande wa wanaume, alikuwa anatazama viatu vyake.

Mama akapiga magoti. Akasema, "Nimejaribu kujuta tangu Jumamosi ile. Kila siku nimejaribu. Sijaweza."

Akaulizwa mara ya pili. Akasema, "Nikisema najuta nitakuwa nadanganya hapa nilipopiga magoti."

Wamempa majuma sita afikiri. Hakushiriki. Wakati tunapeana mkate yeye alikuwa ameketi peke yake nje kwenye gari letu la farasi, na mvua ilikuwa inanyesha.

Majuma sita, Saloma. Hesabu mwenyewe yanaisha lini na arusi yangu ni lini. Watu mia tatu watakula nyumbani kwetu, na mama wa bibi arusi atakula peke yake, kwa sababu hakuna mshirika anayeruhusiwa kukaa meza moja na aliyetengwa. Hawezi kumpakulia mtu. Selari ile aliipanda kwa mikono yake na hawezi kuipeleka mezani.

Nilikuomba kitu kimoja. Nilikuomba umweke kwenye toroli.

Lovina


Reading
25 Oktoba 1996

Lovina,

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za mlangoni, nikashindwa kuingia ndani.

Nilimweka. Nilijaribu kumweka, uliniona. Ulitaka nimvunje miguu? Nilipokuandikia kwamba sijisikii mwizi nilikuwa sijui kitu, na wewe unanirushia kana kwamba nilikuwa nawacheka.

Lakini hebu niambie jambo moja, na uniambie kweli. Tulikuwa wewe, mimi na Mama. Mke wa shemasi hakuwepo. Kabla ya Jumatatu, wewe ulimwambia nani? Ulimwambia Mose? Ulimwambia Mama, "Usiposema wewe nitasema mimi"? Wewe ulikuwa na ushirika wako wa kulinda, na arusi yako ya kulinda. Nakuuliza kwa sababu Mama hajawahi katika maisha yake kwenda mahali bila kupelekwa.

Hilo lijibu. La pili, nimeamua. Namwandikia Askofu Enos. Nitasema nilimsukumia mtoto mikononi kwa nguvu, kwamba nilimwachia na angedondoka, kwamba Mama hakuwa na hiari. Mimi nimeshatengwa, hawana pengine pa kunipeleka. Uongo mmoja zaidi kwangu ni nini? Mama atarudi mezani kwake kabla ya arusi yako na utaolewa kama ulivyotaka, na mimi sitakanyaga huko tena. Watoto nitawaambia bibi yao yuko mbali.

Saloma


Barabara ya Kinu
30 Oktoba 1996

Dada Saloma,

Usimwandikie askofu. Mama anasema ukiandika hivyo atasimama aseme ni uongo, na atakuwa amekutangaza wewe mwongo mbele ya watu wote, na hilo hataki. Nilimsomea barua yako. Yote. Hata pale uliponishuku.

Sikumwambia mtu. Nilitaka kukuandikia kwa hasira, nimechana karatasi mbili. Halafu nikakumbuka kwamba na mimi nilikuandikia kama mtu wa mahakamani, basi tuhesabu tuko sawa. Hakupelekwa na mtu, Saloma. Alikwenda. Farasi tu ndiye alihitaji kufungiwa.

Nataka nikuambie kilichotokea jana. Asubuhi ilikuwa baridi, nimetoka kukamua, mikono imekufa ganzi. Mama alikuwa jikoni amenimiminia kahawa. Akageuka na kikombe mkononi, akaninyooshea, kama kila siku tangu nimezaliwa. Na mimi nikasimama. Nilisimama pale nikakitazama kile kikombe, na nikangoja akiweke mezani.

Akakiweka. Akarudi nyuma kidogo ili nikichukue.

Nilikinywa, dada, kwa sababu nilikuwa na baridi. Mimi ndiye niliyekuandikia, "Mweke kwenye toroli, rudi nyuma hatua kadhaa." Niliandika hivyo kirahisi kabisa, na nikajiona nina akili.

Leo asubuhi amekiweka tena, na nimekichukua tena. Sijawa na moyo wa Mama. Nina siku ishirini na kitu niolewe kanisani, na nampenda Mose, na nataka kuwa humu. Sitakudanganya kwamba nimebadilika. Ila sikulaumu tena, na nilitaka ulijue hilo kabla hujawaambia watoto kwamba bibi yao yuko mbali.

Mama anasema atakuandikia mwenyewe. Ametafuta miwani kutwa nzima na ilikuwa kichwani.

Mdogo wako,
Lovina


Barabara ya Kinu
5 Novemba 1996

Binti yangu Saloma,

Jua limetoka leo, lakini upepo ni mkali. Maboga yamekwisha, yaliyobaki tumewapa ng'ombe. Baba yako alinunua farasi, ni mzuri ila mguu mmoja wa nyuma simwamini.

Lovina amenisomea barua zako. Msigombane. Kama mnataka kumgombeza mtu, nigombezeni mimi, nipo na nina nafasi nyingi siku hizi.

Unataka kujua kwa nini sikungoja umweke. Nilikuwa mlangoni, nilingoja. Kama mtoto angekaa, ningekwenda kumwokota na ningeshukuru. Lakini alikuwa analia na wewe ulikuwa unalia, na unajaribu kumbandua shingoni kwako kwa sababu yangu mimi. Nikaona siwezi kusimama pale nikitazama hilo. Tena nitakuambia ukweli mwingine. Nilitaka kumpokea kwako. Nilitaka kusikia mikono yako inamwachia.

Ni mzito. Ana mifupa ya upande wa baba yangu.

Kwa shemasi nilikwenda kwa sababu sikuweza kuketi kwenye ushirika nimeficha kitu. Nilidhani nitasema najuta. Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno. Yalipofika mdomoni hayakuwa yangu. Usidhani nimelikasirikia kanisa. Nalipenda, na wao wamenitendea kwa upole, mke wa shemasi ameniletea supu akaiweka ngazini. Majuma yakiisha nitaulizwa tena, na sijui nitajibu nini. Usiniulize wewe, maana mimi mwenyewe sijiulizi kila siku.

Sasa sikiliza. Tarehe 21 anaolewa mdogo wako. Mimi siwezi kukaa na washirika, kwa hiyo nina meza yangu, itawekwa pale kwenye chumba kikubwa, karibu na dirisha la mashariki, si jikoni. Baba yako alikataa jikoni. Nimemwuliza Askofu Enos waziwazi, nikasema, kanuni inamkataza mshirika asile na aliyetengwa. Je, inamkataza aliyetengwa kula na aliyetengwa? Akasema hajawahi kuulizwa. Akasema hapana, haimkatazi.

Basi njoo. Kwa sasa mimi na wewe ni wa mahali pamoja, na nikikupa sahani utaipokea mkononi mwangu, na hakuna atakayekuwa amekosa. Njoo na Curtis na watoto. Lovina ameshajua. Alilia kwanza, kisha akaniuliza kama June atataka kukaa mahali ambapo atamwona bibi arusi.

Meza ameitengeneza baba yako ghalani. Alipoiingiza ilibidi aiinamishe ili ipite mlangoni. Nikamwambia, Mahlon, hii ndefu yote ya nini, mimi ni mtu mmoja. Akasema mbao ndizo zilizokuwa na urefu huo.

Nikamwacha. Leo asubuhi, nimeinama nawasha jiko, akasimama nyuma yangu na penseli yake ya kupimia mbao sikioni. Akauliza, "Yule mtoto mdogo anaweza kukaa mwenyewe kitini, au bado huangukia upande?"

Mama yako,
Drusilla